Tumbawe jeupe halijafa: tulivyookoa kitalu chetu joto la 2024

Naandika kwa sababu nimechoka kusikia eti tumbawe likigeuka jeupe limekufa, ling'oeni. Si kweli jamani! Sisi huku upande wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, tuna kitalu cha kukuzia vipande vya matumbawe kabla ya kuvipanda mwambani, na tuliambiwa hivyohivyo mwezi wa nne 2024, alikuja bwana mmoja kwa boti, akapiga picha, akasema vipande vyote vitolewe tupande vingine joto likiisha. Kikundi cha jirani wakamsikiliza wakang'oa. Sisi tulikataa, na kitalu chetu kipo mpaka leo.

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake kunaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo ndio unampa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto la maji likizidi lile la kawaida la kiangazi hata kwa digrii moja tu, likakaa wiki kadhaa, mwani unatolewa, kinachobaki ni mfupa mweupe unaouona kupitia ngozi. Ana njaa ila yuko hai. Nilishuka magharibi giza likianza, nikasogeza maski mpaka karibu kabisa na kipande cheupe, nikaviona vile vimikono vyake vinatoka kutafuta chakula. Aliyekufa hana hivyo, na hachukui muda anaota utelezi wa kijani.

Kitalu chetu ni kamba zenye vipande, zinaelea katikati ya maji, chini magunia ya mawe, juu madumu matupu yanazivuta. Sasa ule msimu kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, maleleji yenyewe, upepo hakuna, bahari imelala na jua linapiga mpaka chini. Ukipiga mbizi juu ni moto, ukishuka pima mbili tatu unasikia pamepoa. Mzee mmoja mvuvi wetu ndiye aliyeuliza, kwani lazima kikae juu? Wallahi tulitazamana! Tukangoja maji mafu mkondo upungue, tukaanza kufupisha kamba za magunia moja moja, huyu analivuta dumu chini kwa nguvu zote, yule anafunga fundo, pumzi ikimwisha anapanda mwingine anadaka kamba kabla dumu halijafyatuka, mpaka kitalu kizima kikashuka, kikapata maji baridi na jua dogo, maana jua kali na joto vikikutana ndivyo vinamaliza. Gharama kamba mpya tu, elfu mbili tatu hivi, na mafuta ya boti.

Halafu msiache kusugua. Mswaki wa kawaida unatosha, ule utelezi kwenye kamba ukiachwa unamfunika aliye dhaifu. Konokono wanaokula matumbawe toa kwa mkono. Na tuliwaomba wenye madema wasitege karibu, samaki pono na tafi ndio wanaokula huo mwani wa utelezi, ukiwamaliza hao utasugua peke yako.

Mwambani yale ya matawi yalikufa mengi, sifichi, wazee wakawa wanasema ni kama lile joto la bahari la El Niño ya 1998. Yale makubwa ya mviringo mengi yalipona. Kitaluni, kusi ilipoingia maji yakapoa, rangi ikaanza kurudi upande wa chini wenye kivuli, kisha juu. Vilivyokua tumeshaanza kuvihamishia mwambani, na kamba za magunia siku hizi tunazifunga fundo la kufunguka upesi, maleleji nyingine ikija hatuhangaiki na kisu chini ya maji.