Droo bado iko ukutani

Jumapili nlitumwa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, kuchukua kanzu kwa fundi, nikapita kile kichochoro cha gemu ya ami, pale tulipokuwa twalipa kucheza mpira wa kwenye skrini, sahi ni duka la kava za simu na chaja. Nikaingia nikajifanya mteja. Nyuma ya rafu ukuta umepakwa rangi mkono mmoja tu, rangi yenyewe ya kubana, na wino wa maka umetokeza juu yake: mistari ya droo, watu 32, kumi na sita huku na kumi na sita kule mpaka wakutane katikati. Jina langu liko robo fainali, limepigwa ekisi. Kijana wa duka akaniuliza wataka ya simu gani, nikasema Samsung tu basi, nikatoka na kava ya shilingi 200 ambayo haiingii simu yangu.

Ile droo ni ya Ramadhani ya 2017, PES 2017, ile gemu ya mpira ya kampuni ya Konami. Kama hukuwahi kukaa kwa ile benchi nikueleze kidogo. Ami twamwita ami sote hata wasio wa kwake, alikuwa na PlayStation, PS3 mbili zilizotiwa chipu na PS4 moja ambayo haiguswi mpaka yeye mwenyewe awepo, mechi shilingi 20, dakika tano tano, mwenye kufungwa ndo analipa na anainuka, mwenye kushinda anakaa, kwa hivyo ukiwa na mkono waweza kukaa tangu alasiri mpaka magharibi na hujatoa hata ndururu. Mimi nlianza hapo enzi za PS2 na PES 6, wakati Liverpool yaitwa Merseyside Red na Chelsea ni London FC na hakuna aliyeona ajabu, kila mtu ajua nani ni nani. Kuna jamaa mpaka leo twamwita Castolo, sahi ana watoto wawili, sababu alikuwa akija asubuhi gemu haina watu anacheza Master League peke yake, na Castolo ndo yule straika wa bure unayepewa mwanzo kabla hujanunua mtu.

Lakini Ramadhani ndo ilikuwa yenyewe. Tarawehe ikisha tu watu washajaa, joto, harufu ya mshikaki na viazi karai, pedi za kuchezea zateleza kwa mafuta ami apiga kelele nawa mikono wewe. Kabla ya nusu fainali na fainali alikuwa akiweka ule wimbo wa Champions League volyumu mpaka mwisho, na watu wasimama wima wallahi kama wako uwanjani, wengine mkono kifuani. Tulikuwa twaenda hivyo mpaka daku.

Mechi yangu ile nayikumbuka kuliko mitihani yangu ya shule. Mimi Barcelona, jamaa wa Kisauni Juventus, goli moja kwa moja, dakika ya 88. Nikabonyeza kitufe cha mraba kumwita mchezaji wa pili aje anisaidie kukaba, tamaa tu, nlitaka mpira upesi nimalize, na aliyekuja ni beki wa kati, akaacha shimo nyuma yake kama mlango wa msikiti. Watu nyuma yangu waliona kabla yangu. Nlisikia "hoooo" mpira bado uko mguuni mwa kiungo wake, hata pasi hajatoa. Nikajua nishakwisha kwa ule mlio wa watu, si kwa skrini.

Mwaka huohuo Konami walifanya fainali yao ya dunia London, uwanja wa Emirates, mashindano yaliitwa Road to Cardiff kwa sababu fainali ya Champions ilikuwa Cardiff, na Mwitaliano mmoja Ettorito97 akaondoka na dola 200,000. Tukamwangalia YouTube kwa simu ya ami tukasema huyu akija Kibokoni, watu wako mgongoni mwake na mtoto ampulizia maganda ya njugu, hafiki nusu fainali. Upuzi mtupu, yule angetunyoa sote kavu kavu. Lakini tuliamini, na 2018 PES ikawekwa Asian Games kule Indonesia kama mchezo wa maonyesho, ndo kabisa tukaona njia imefunguka, bado sisi tu kuitwa.

Sasa ukiuliza nani aliiua gemu ya ami, kila mtu atakwambia eFootball, jina jipya ambalo Konami waliipa PES. Mimi naona ilikuta mgonjwa yuko kitandani kitambo. 2018 hiyo hiyo Konami walipoteza leseni ya Champions League, ikaenda kwa FIFA, gemu ya mpira ya EA, wapinzani wao, na wimbo ukaenda nayo. Waweza kucheka lakini kwetu lile lilikuwa pigo, ami aliendelea kuuweka kutoka kwa simu yake na haikuwa sawa, ilikuwa kama kupiga kinanda kwa matanga. Nusu ya benchi ikahamia FIFA. Halafu kuna kampuni moja ikaja na hema na mabango, mashindano makubwa, mshindi elfu ishirini, rafiki yangu akashinda akapewa fulana na akaambiwa asubiri simu. Asubiri mpaka leo.

Alafu 2020. Kafyu ya saa moja jioni tangu mwisho wa Machi, na Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ikafunga Mji wa Kale wote, hakuna kuingia hakuna kutoka. Tarawehe watu waswalia nyumbani, gemu imefungwa, na wale wa Kisauni na Likoni ndo hata ukitaka huwaoni.

Kwa hivyo 30 Septemba 2021 eFootball ilipotoka sisi tulikuwa twaitegemea ituamshe. Bure, ya kudaunlodi! Ami akamaliza bando lote la wiki. Tukasimama nyuma yake kama zamani, skrini ikafunguka, na zile nyuso… Messi kama ameumwa na nyuki. Timu tisa tu za kuchagua. Liverpool hakuna, Chelsea hakuna, hata hiyo Merseyside Red hakuna. Na nikashika pedi nibonyeze mraba kumwita wa pili kukaba, hakuna pia, wameitoa, ile ile iliyonitoa 2017. Nlicheka mpaka ami akakasirika. Waliomba radhi, Aprili 2022 wakaleta toleo la 1.0 na mraba ukarudi, lakini ami kufikia hapo nusu ya chumba ashampangisha mtu wa M-Pesa.

Na lile neno bure ndo nalifikiria sana siku hizi. Mpwa wangu acheza hiyo eFootball kwa simu, amelala kitandani miguu ukutani, ana mkono yule mtoto kuliko mimi. Siku moja akaniuliza, mjomba, kwani mulikuwa mwalipa ndo mucheze? Nikakosa la kumjibu. Yeye ndo alonionyesha fainali za Riyadh, Disemba 2024, FIFA, wale wa shirikisho la mpira wenyewe, wameachana na EA sasa kombe lao la dunia la gemu wamelipeleka eFootball, Indonesia wakachukua upande wa konsoli, si wa simu. Yani gemu iko hai, tena iko na FIFA wenyewe, na mimi nishaisomea hitma zamani. Nlimuuliza wewe ukicheza nani akuangalia? Akasema hakuna, kwani aniangalie wa nini.

Nlipotoka pale dukani nikapitia kwa ami, nikamkuta barazani na kahawa yake. Nikamsalimia, shikamoo ami, akanitazama muda akasema "wewe wa robo fainali". Sikumwambia kuhusu ukuta. Akamtuma mjukuu wake alete gunia, ndani pedi tupu zimefungana nyaya, akasema chukua uzitakazo zanijazia nafasi. Nikachukua mbili. Moja mpira wa kile kijiti cha kushoto umelika wote imebaki plastiki, imeingia shimo, na dole gumba langu laingia sawasawa mle.

Mamangu aniuliza hizo nyaya mezani za nini. Mashine sina.