Kijana Anarusha na Anapiga: Jinsi ya Kumpima Kabla ya Drafti ya Besiboli Marekani

Mzazi wa kwetu huku Marekani mwenye kijana anayecheza besiboli chuoni, tena anayerusha na kupiga, ataanza kupokea simu kijana akikaribia kumaliza mwaka wa tatu. Hapo ndipo kanuni inapomfungulia mlango: mwanafunzi wa chuo cha miaka minne huweza kuchaguliwa kwenye drafti ya MLB (ligi kuu ya besiboli), yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, akimaliza mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21. Drafti hufanyika Julai, na tangu 2021 ina raundi 20 tu. Mwaka 2019 zilikuwa 40.

Skauti makini, yaani mtafuta vipaji wa timu, humwandikia kijana wa namna hii ripoti mbili, kama vile ameona wachezaji wawili. Kila ujuzi hupewa alama kati ya 20 na 80: 50 ni wastani wa ligi kuu, 60 ni nzuri, 80 ni adimu sana. Kisha hujiuliza: mkono huu peke yake ungechaguliwa raundi ya ngapi? Na gongo hili peke yake? Wanaopotea ni wale wanaojumlisha. Mrushaji wa raundi ya 8 ambaye pia ni mpigaji wa raundi ya 8 hageuki kuwa mchezaji wa raundi ya kwanza.

Tuanze na mkono. Mpira wa kasi wa ligi kuu huenda kwa wastani wa maili 94 hivi kwa saa, yaani kilomita 151. Usishangilie namba kubwa kuliko zote iliyoonekana kwenye rada. Andika kasi ya iningi (kipindi cha mchezo) ya kwanza na ya iningi ya tano, uone imeshuka kiasi gani. Anayeanza na maili 95 akafika iningi ya tano na 90 huenda akageuzwa mrushaji wa kuingia baadaye kwa iningi moja, na huyo hulipwa kidogo kuliko anayeanzisha mechi. Anayeanzisha anahitaji angalau mipira ya aina tatu: wa kasi, unaopinda, na ule unaotoka kwa mkono uleule wa kasi lakini ukafika polepole. Huu wa tatu ndio kijana wa kazi mbili hukosa, kwa kuwa saa za kuujenga amezitumia kwenye mazoezi ya kupiga. Hesabu pia wapigaji anaowapa besi (kituo cha kukimbilia) ya kwanza bure kwa boli nne, yaani mipira minne iliyorushwa nje ya eneo halali. Wakizidi mmoja kwa kila kumi, mimi ningeshusha alama yake hata kama anawatoa wengi kwa straiki, yaani mipira halali waliyoshindwa kuipiga.

Kwenye gongo kuna mitego zaidi. Vyuoni hutumia gongo la alumini au la nyuzi za kaboni, na wataalamu hutumia la mbao. Mpira uliogongwa karibu na mikono, ambao la mbao lingevunjika, la alumini huweza kuusukuma hadi nyasi za nje. Ndiyo maana ligi ya kiangazi ya Cape Cod, Massachusetts, inayochezwa kwa mbao, hufuatiliwa sana. Mpira uliotoka kwenye gongo kwa maili 95 kwenda juu huhesabiwa umepigwa kwa nguvu. Lakini nguvu bila jicho haifiki mbali: andika ni mara ngapi anafuata mipira iliyo nje ya eneo la straiki, na mara ngapi anaikosa iliyo ndani. Tenganisha pia wapinzani. Ijumaa timu huleta mrushaji wake bora, Jumanne huleta aliyebaki. Kijana anayeng'ara Jumanne tu bado hajathibitisha lolote.

Nafasi uwanjani hubadilisha hesabu yote. Akiweza kulinda katikati ya uwanja wa nje, gongo la wastani linatosha. Akiwa wa besi ya kwanza tu, gongo hilo lazima liwe bora kabisa. Na kwa kuwa kanuni za vyuo humruhusu mrushaji kupiga siku hiyohiyo bila kulinda nafasi nyingine, baadhi yao hawajaonekana vya kutosha wakidaka.

Mwili ndio unaovunja mipango mingi. Baada ya kurusha Ijumaa, mtazame Jumamosi na Jumapili: je, gongo limechelewa? Ratiba ya kawaida ya chuo ina mechi 56 tu, ilhali ligi ndogo (za kukuzia wachezaji wa timu za ligi kuu) zenye msimu kamili zina zaidi ya 130, siku sita kwa wiki. Brendan McKay wa chuo cha Louisville alichaguliwa wa 4 mwaka 2017 na timu ya Tampa Bay kwa kazi zote mbili. Alirusha iningi 49 ligi kuu mwaka 2019, kisha bega na kiwiko vikampeleka kwenye upasuaji mara kwa mara. Paul Skenes alikuwa mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) na mrushaji chuo cha Jeshi la Anga, akahamia LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), akaweka gongo chini, na timu ya Pittsburgh ikamchukua wa kwanza mwaka 2023. Jac Caglianone wa chuo cha Florida alipiga homurani (mapigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja) 35 mwaka 2024 huku akirusha, lakini timu ya Kansas City iliyomchagua wa 6 ilimkuza kama mpigaji. Shohei Ohtani, Mjapani anayefanya kazi zote mbili ligi kuu, yuko peke yake, na hata yeye alipofanyiwa upasuaji wa kiwiko 2018 na 2023, ni gongo lililomweka uwanjani msimu uliofuata. Kwa hiyo pande mbili zikilingana, mimi hutanguliza gongo.

Kwa jamaa walioko nyumbani: drafti haiwahusu vijana wanaoishi na kusoma nje ya Marekani na Kanada. Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Dodgers, timu ya Los Angeles, mwaka 2022 moja kwa moja. Ila kijana akishajiunga na chuo cha Marekani, njia yake ni drafti.

Timu ikipiga simu, mruhusu kijana aulize mwenyewe: atarusha siku ngapi kwa wiki, siku zipi atapiga, nani ataamua aache upande mmoja, na baada ya miezi mingapi. Wa mwaka wa tatu ana nguvu ya kujadili bonasi, maana anaweza kurudi chuoni. Wa mwaka wa mwisho kwa kawaida hana. Na kabla ya kuweka sahihi kwa wakala yeyote, aende kwenye ofisi ya kanuni za michezo ya chuo aulize kinachoruhusiwa, kwa sababu sahihi moja inaweza kumfungia msimu wa nne.