Makaisari ishirini kwa tyubu moja ya silikoni

Kwanza nitoe dukuduku langu. Modeli yangu ya Vasa ilipofika hatua ya mapambo, kila mjuzi niliyemgusia alikuwa na orodha yake ya manunuzi. Mmoja alitaka nipate mashine ya mkono ya kuchongea, na vichwa vyake thelathini. Mwingine akasema bila mti mgumu wa kuagiza nitapasua kila kitu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi hasa, alinitazama vidole kisha akasema sanamu si kazi ya kila mtu, bora ninunue zilizosubiwa tayari. Nikaulizia bei. Sanamu zingenigharimu kuliko merikebu yenyewe, matanga yake na kabati la kuiwekea.

Kwa asiyeijua, Vasa ni merikebu ya kivita ya Uswidi iliyozama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza kabisa, haijafika hata kilomita mbili. Iliopolewa mwaka 1961 na leo imo ndani ya makumbusho. Ilipambwa kwa mamia ya sanamu na nakshi: simba, malaika, mashujaa, nguva, na vichwa vya kutisha ambavyo sijui nani alivipenda. Omoni, yaani sehemu ya mbele kabisa ya merikebu, wamejipanga makaisari ishirini wa Roma, kumi kila upande. Hao makaisari ndio walionitoa jasho.

Modeli yangu ni ya 1 kwa 75. Mtu mzima anakuwa na sentimita mbili na ushei, basi. Kwa ukubwa huo ukiweka jicho, kope na mboni umepoteza jioni yako bure, kwa sababu mtazamaji akisimama hatua moja tu anachoona ni kivuli. Shimo mbili za sindano chini ya paji lililochomoza, pua kama punje, na mfereji mrefu chini ya kidevu. Chimba kuliko unavyodhani inatosha, maana rangi nayo itakuja kujaza.

Kuchonga mti nilijaribu, nisiseme uongo. Nilivunja miguu ya kaisari wa kwanza, nikavunja mkono wa wa pili, wa tatu nikajikata mimi. Nikahamia kwenye udongo wa epoksi, ule wa vijiti viwili unaoukanda pamoja kwa vipimo sawa hadi rangi ilingane. Unakupa kama saa moja ya kuuchezea kabla haujaanza kukataa. Zana zangu zilikuwa sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye penseli, vijiti vya meno, wembe uliovunjwa nusu, na kibakuli cha maji. Lowesha zana kila mara, la sivyo udongo unakufuata wewe badala ya kubaki kwenye sanamu. Na vaa glavu. Mimi sikuvaa wiki ya kwanza na ngozi ya vidole ikaniadhibu.

Kaisari wa mfano nilimfinyanga kwa jioni tatu. Alitoka vizuri, na nilimwonyesha kila aliyepita nyumbani, aliyetaka na asiyetaka. Kumi na tisa waliobaki sikuwa na nia ya kuwafinyanga mmoja mmoja. Nilitaka kalibu, yaani umbo tupu la kujazia udongo na kutoa nakala.

Hapa ndipo nilipojiona mwerevu. Silikoni ya kutengenezea kalibu ni ghali, lakini silikoni ya kuzibia mipasuko ya bafu inauzwa kwa bei ya kawaida tu, nami nilikuwa na tyubu nzima. Nikamlaza kaisari ndani ya sanduku la kiberiti, nikamimina silikoni hadi pomoni, nikafunga, nikalala usingizi wa mtu aliyewashinda wafanyabiashara. Asubuhi juu imekauka, inang'aa. Nikasubiri siku nyingine mbili kwa usalama. Siku ya nne nikaifungua: ndani ni uji mtupu. Silikoni ya aina hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kuingia ndani, na ikiwa nene ngozi ya juu inauzuia unyevu usifike katikati. Nilimtoa kaisari wangu kwa kibano akiwa amevikwa kamasi nyeupe inayonuka siki. Nilimsugua kwa mswaki wa zamani saa nzima. Pua ikaondoka na mswaki.

Dawa yake ni wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini kama poda. Kamulia silikoni juu ya rundo la wanga, karibu sawa kwa sawa, uikande ukiwa na glavu zilizopakwa wanga hadi iwe kama donge la chapati lisilonata. Wanga unaingiza unyevu hadi ndani, kwa hiyo donge zima linakaza kwa pamoja, mara nyingi ndani ya nusu saa. Angalia tu isiwe silikoni isiyo na harufu. Inayotakiwa ni ile ya kunuka siki. Fungua madirisha. Mpake sanamu mafuta mepesi ya mgando, kisha ulikandamize donge juu yake ukianzia usoni ili hewa isibaki puani. Nilipoibandua kalibu yangu ya pili na kuona ndani yake hata mikunjo ya joho, nilipiga kelele peke yangu.

Basi nikaanza kiwanda. Udongo unausukuma kwanza kwenye pua na vidole kwa kijiti kilicholowa, ndipo unajaza mgongo na kuusawazisha kwa wembe. Mmoja asubuhi, mmoja jioni. Zaidi ya wiki moja, makaisari kumi na tisa, pamoja na babu yao asiye na pua. Nikawapanga omoni kwa majaribio.

Kaisari wangu alikuwa amegeuza kichwa kwenye bega la kulia. Upande wa kushoto wa merikebu wote kumi walitazama mbele, merikebu iendako, kwa heshima zao. Upande wa kulia wote kumi walitazama nyuma, kama watu waliosikia jina lao likiitwa na mwenye deni. Kalibu haigeuzi kushoto kuwa kulia. Kila inachozaa kinafanana na mama yake. Jambo la mtoto, nami nilikuwa nimelisahau wiki nzima.

Sikutaka kufinyanga mfano mwingine. Niliokolewa na uvivu: siku moja nilimtoa kaisari kwenye kalibu mapema, baada ya kama saa mbili, kabla hajakauka. Alikuwa kama ngozi ya mkanda, mgumu wa kushika umbo ila anakunjika. Nikamshika kichwa kwa vidole viwili, nikakizungusha taratibu hadi bega la kushoto. Kikakubali! Shingo ilipata mkunjo kidogo, nikauzibia kwa ndevu. Mwingine nikamwinua mkono, mwingine nikampinda kiuno. Kalibu ni moja, lakini ukiwatazama utadhani nilifinyanga kila mmoja kivyake, na huyo mtaalamu wa vidole alidhani hivyo hivyo. Sikumsahihisha.

Simba wa omo yeye ni mmoja, hana haja ya kalibu. Yule wa kweli ana zaidi ya mita tatu. Wangu ana sentimita nne, amejengwa juu ya mifupa ya waya wa shaba niliouchuna kutoka kwenye waya wa umeme. Wa kwanza alipongezwa na mgeni kama mbwa mzuri sana. Wa pili nikamwongezea manyoya ya shingo na kumpanua taya, na hapo kelele za mbwa zikaisha.

Rangi nisingeisema kama isingeniuma. Niliwapakia makaisari dhahabu juu ya mandhari (mbao zilizo nyuma yao) ya buluu, kwa kuiga modeli za zamani. Kisha nikasoma kwamba mabaki ya rangi yaliyochunguzwa kwenye mbao zenyewe yanaonyesha mandhari ilikuwa nyekundu, na sanamu zilikuwa za rangi nyingi, si dhahabu tupu. Jioni mbili za msasa. Sasa napaka njano ya udongo kwanza, halafu kahawia iliyozimuliwa sana, naifuta kwa kitambaa ikiwa mbichi ili ibaki mashimoni tu, na dhahabu naigusisha kwenye ncha.

Gharama yote, pamoja na silikoni iliyoharibika, haikufika bei ya ile mashine ya vichwa thelathini bila vichwa vyake. Wale kumi wa mwanzo wanaotazama nyuma bado wamo kwenye kopo. Kila nikilifungua kutafuta sindano, wote wananipa mgongo.