Parameshia hahitaji breki

Wiki iliyopita nilichota maji ya dimbwi hapa nyuma ya nyumba, Mwanga, Kigoma mjini, nikatia majani makavu kwenye chupa nikaiacha dirishani siku sita hivi mpaka ikaanza kunuka, alafu nikaweka tone moja chini ya maikroskopu ya kuazima. Aisee, parameshia kibao, vile vijidudu vidogo sana vya majini! Shule tulimchora kama soli ya kandambili, tukamjazia vinywele pembeni basi, hakuna aliyetuambia kwamba anapita mbio vile, anajizungusha huku anasonga kama skrubu inayoingia kwenye mbao, akigonga kipande cha jani anarudi nyuma, anageuka kidogo, anajaribu tena, mpaka apate njia.

Kilichonishika zaidi ni anavyosimama. Shemeji yangu ni mvuvi wa Kibirizi, asubuhi akikaribia mchanga anaacha kupiga kafi na mtumbwi unateleza wenyewe mpaka ufukweni. Parameshia hana hiyo. Vinywele vikiacha kupiga, amesimama hapo hapo. Kumbe kwa kiumbe chenye urefu wa kama robo ya milimita maji sio haya tunayoyajua sisi, ule msukumo unaokubeba ukishaacha kupiga kwake haupo, umebaki mnato tu, yaani ni kama wewe uogelee kwenye pipa la asali. Bakteria ndo kabisa, mkia wake unazunguka kama pangaboi la injini ya boti, na mwaka 1977 mwanafizikia wa Marekani Edward Purcell alionyesha kwa hesabu kwamba ukisimama, bakteria hasogei mbele hata upana wa atomu moja.

Sasa kwenye asali ukipeleka mkono mbele na kuurudisha kwa njia ile ile, unarudi ulipoanzia. Mvuvi akimaliza kuvuta kafi analitoa majini, analirudisha hewani, analichovya tena. Parameshia atalitolea wapi na yeye yumo majini mwili mzima? Ndo maana kila kinywele, na anavyo maelfu, kinapiga kikiwa kimenyooka alafu kinarudi kimejikunja, kimelala karibu na mwili ili maji yasikikamate sana. Na havipigi kwa mpigo mmoja, vinafuatana kama upepo ukipita kwenye shamba la mpunga. Akigonga kitu kalsiamu inaingia ndani, vinywele vinageuza upande wa kupiga, ndo unamwona anarudi nyuma. Hana ubongo wala neva huyu, ni seli moja!

Amiba, kijidudu kingine cha seli moja, sikumpata (wa dimbwini nasema, sio yule wa tumbo), yeye hana vinywele, anaumimina mwili wake mbele kidogo kidogo.

Jana shemeji kapita, nikamwita aangalie. Niliweka nyuzi chache za pamba kwenye tone ili wasikimbie sana. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akauliza, "Shemeji, hiki kiduara kinachofunguka na kufunga ndo moyo?" Nikamwambia hapana, ndani yake kuna chumvichumvi nyingi kuliko maji ya dimbwi kwa hiyo maji yanamwingia muda wote, asipoyatoa atavimba apasuke, basi viduara hivyo viwili vinajaa vinayamwaga nje, vinajaa tena.

"Kumbe anakumba maji," akasema, "kama mtumbwi unaovuja." Akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka mmwago mmoja hadi mwingine, na hakuinua kichwa mpaka tone lilipoanza kukauka pembeni.