Penalti: hofu huingilia machoni, hutokea mguuni

Mechi ikienda kwenye matuta, yaani penalti za kumpata mshindi, hakosekani mtu kijiweni wa kusema, "Hapo sasa ni bahati tu." Hesabu inamkatalia. Mpira unatengwa mita 11 kutoka mstari wa goli, na goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Shuti la kilomita 100 kwa saa linafika mstarini kwa takriban sekunde 0.4. Kipa akisubiri hadi aone mpira unaelekea wapi, sekunde 0.2 hivi zinaliwa na jicho na ubongo kabla msuli haujaanza kazi, na muda unaobaki hautoshi kuruka mpaka kwenye nguzo. Ndiyo maana huondoka mapema, kwa kukisia, akisoma nyonga za mpigaji na unyayo wa mguu anaousimamia. Penalti kali iliyopigwa pembeni, juu ya usawa wa kiuno, haina kipa.

Sasa mbona zinakoswa?

Anzia machoni. Mtu anayelenga huangalia kwanza anapotaka mpira uende, halafu anaushusha mtazamo kwenye mpira, na mguu unafuata kile jicho lilichokwisha kupima. Akiingiwa na hofu, macho huacha kutafuta nafasi na kutafuta tishio, na tishio pale golini ni mtu mmoja mwenye glavu. Watafiti waliowavalisha wapigaji vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho waliliona hili: wenye wasiwasi walimtazama kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mashuti yao yakaangukia karibu naye. Kumbe kipa anayerukaruka na kupunga mikono hafanyi vituko. Anayaita macho yako.

Kujiambia "nisimpigie kipa" hakusaidii, maana ili utii agizo hilo lazima kwanza umfikirie kipa. Jipe agizo la kutenda: wavu wa pembeni, chini, kushoto. Basi.

Kutoka machoni hofu hushuka mwilini. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli ya shingo na mapaja inakaza. Mtu aliyekaza hawezi kupiga hatua yake ya siku zote, kwa hiyo mguu wa kusimamia unatua nyuma ya mpira badala ya kando yake. Kosa hilo linaonekana dogo lakini ndilo mama wa mengine: ukisimama nyuma ya mpira, kiwiliwili kinaegemea nyuma, unyayo unaingia chini ya mpira, na mpira unapaa. Mguu huo utue kando, umbali wa kama kiganja, vidole vikielekea unakolenga, goti likunjwe kidogo, kichwa kiwe juu ya mpira, na kifundo cha mguu unaopiga kikazwe hadi mpira uondoke. Baada ya dakika 120 goti la kusimamia huwa limelegea, na hapo hata fundi anapaisha.

Asamoah Gyan ni mfano mzuri. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana dhidi ya Uruguay, muda wa nyongeza ukiisha, aliipiga penalti ikagonga mtambaa wa panya, mwamba wa juu wa goli. Dakika chache baadaye yakaja matuta, akaenda kupiga wa kwanza upande wa Ghana, akafunga. Mguu ule ule, uchovu ule ule. Ghana walitolewa kwa matuta 4-2, lakini anayesema Gyan hakujua kupiga penalti anamwonea.

Kosa jingine ni haraka. Filimbi ya refa ni ruhusa, si amri ya kukurupuka. Wanaokimbilia mpira papo hapo filimbi inapolia hukosa zaidi, kwa sababu wanataka mateso yaishe kuliko wanavyotaka goli. Vuta pumzi, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, ndipo uanze. Na kona ya goli ichaguliwe ukiwa bado kwenye duara la kati. Kutoka pale hadi kwenye mpira ni mwendo wa karibu mita 40, na akili isiyo na uamuzi itabadili kona mara tatu njiani. Ukibadili katika hatua ya mwisho, mguu haupati muda wa kujipanga upya.

Kipa naye ana hofu yake, nayo ni aibu. Uchunguzi mmoja wa penalti 286 uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa makipa walibaki katikati asilimia 6.3 tu ya mara zote, ilhali karibu asilimia 29 ya mashuti yalipita hapo. Akiruka akafungwa, alijitahidi; akisimama akafungwa, alizubaa. Antonín Panenka wa Czechoslovakia aliutumia udhaifu huo Belgrade, fainali ya Mataifa ya Ulaya mwaka 1976, alipomwinulia Sepp Maier, kipa wa Ujerumani Magharibi, mpira laini katikati, Maier akiwa ameshaenda sokoni, yaani ameruka pembeni. Mimi simshauri chipukizi ajaribu: kipa akikataa kuondoka, mpira unamwangukia mikononi kama embe bivu.

Mazoezi ya penalti yanayofanywa timu ikiwa mbichi, mipira kumi mfululizo, yanafundisha kidogo sana. Fanyeni mwishoni, baada ya mbio fupi sita za nguvu. Kila mmoja atembee kutoka katikati peke yake, apige mmoja tu, wenzake wakimzomea. Kisha ongezeni ugumu: kabla ya kupiga, mpigaji amwambie kipa upande anaopiga, na asidanganye. Mashuti ambayo kipa ameyajua na bado hayafikii ndiyo ya kuandikwa kwenye daftari la kocha, na majina matano ya kwanza ya matuta yatoke humo, hata kama nahodha hayumo.