Mkono Uliokataa Kutulia

Kwa muda mrefu nilikuwa mchoraji wa tabaka. Nikiuchora uso wa mtu kwa rangi za mafuta, siku ya kwanza siigusi kabisa rangi ya ngozi. Naanza na umba, rangi ya kahawia itokanayo na udongo, iliyozimuliwa kwa tapentaini, nakamata umbo la kichwa na mahali vivuli vinapoangukia. Hiyo ikikauka napaka sura nzima kwa kijani cha udongo kilichofifishwa na nyeupe. Kijani nacho kikikauka, ndipo napandisha wekundu na manjano, kidogo kidogo, kwa wepesi unaopitisha mwanga. Anayetazama haoni kijani. Anaona ngozi yenye damu ndani yake.

Njia hii ni ya kale. Waitaliano wa karne ya 14 waliitumia kwa rangi zilizokorogwa na kiini cha yai, na mchoraji wao Cennino Cennini akaieleza hatua kwa hatua katika kitabu chake cha ufundi, yapata mwaka 1400. Ukikutana na Bikira Maria wa zamani mwenye mashavu ya kijani, usimlaumu mchoraji. Wekundu wa juu umefifia au umesuguliwa na miaka, tabaka la chini limebaki wazi.

Inataka subira, kila mtu atakuambia hivyo. Kisichosemwa ni kwamba inataka pia mtu asiyebadilika. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji; inavuta oksijeni hewani na kukaza polepole. Umba iliyopakwa nyembamba inaweza kuwa tayari baada ya siku moja au mbili, maana ina manganizi inayoiharakisha, lakini nyeusi ya mifupa ukiipaka nene itakukalisha. Juu ya hayo, kila tabaka sharti liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake, la sivyo la juu litawahi kukaza wakati la chini bado linasogea, na picha itapasuka. Ndiyo maana kati ya kikao na kikao zinapita wiki, na anayerudi kukaa kwenye kiti anatakiwa awe yule yule aliyeinuka.

Mjomba wangu hakuwa akirudi yule yule.

Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote ya kazi. Nilipomwomba aje nimchore hakuuliza kwa nini, aliuliza avae nini. Nilitaka mfululizo: mtu mmoja, kiti kile kile, dirisha lile lile, miaka ikipita. Wazo lenyewe si geni. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora tangu ujana wake hadi mwaka aliofariki, 1669, na Frank Auerbach, mchoraji wa Uingereza, alijifungia na watu wachache tu, wale wale, wakija kukaa mbele yake wiki baada ya wiki kwa miongo. Mimi nilivutiwa zaidi na ukaidi wao kuliko na falsafa yoyote.

Picha za mwanzo zilikuwa nzuri, nasema bila haya. Ule ulikuwa uso wa kuchorwa: mikunjo ya pembeni mwa macho ya mtu aliyeishi akilikodolea tundu la sindano, na mdomo uliozoea kubana pini. Kisha mkono wa kulia ukaanza. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana taratibu pale pajani, kana kwamba vinaviringisha fundo la uzi. Sote nyumbani tuliona ni mazoea ya kazi. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ule ambao daktari James Parkinson aliuandikia mwaka 1817.

Ugonjwa huu humfanyia mchoraji wa sura jambo la ajabu: unautuliza uso na kuutikisa mkono. Misuli ya uso inakuwa mizito, kupepesa macho kunapungua. Mjomba alikuwa mtu wa kucheka kwa macho kwanza, mdomo ukafuata. Sasa kicheko kilichelewa njiani, na mara nyingine hakikufika, ingawa sauti ilikuwa inacheka. Uchangamfu wote ulikuwa umehamia mikononi. Na mimi picha zangu nilikuwa nazikatia kifuani.

Siku ninayoisimulia, kanvasi ilikuwa tayari kwenye stendi. Tabaka la kijani lilikuwa limekauka, nimelipitishia kidole halinati. Kwenye paleti nilikuwa nimeshachanganya rangi za ngozi, ya mwanga, ya kati na ya kivuli. Mjomba akaingia, akavua kofia, akakaa. Nikaitazama kanvasi, nikamtazama yeye. Shavu la kushoto lilikuwa limelegea tangu kikao kilichopita na kichwa kimesogea mbele ya mabega. Ule uso wa kijani ulionisubiri ulikuwa wa mtu wa mwezi uliopita.

Ningeweza kuendelea. Wengi huendelea; unamalizia kwa kumbukumbu na kwa picha za simu, na mwenye picha hufurahi kuonekana kijana kidogo.

"Mjomba, tulia kidogo basi," nikamwambia. Ni maneno ninayomwambia kila anayekaa pale.

"Ukiniambia nitulie ndiyo unauchokoza, mama. Huu mkono ukikosa kazi ndipo unapohangaika. Nipe kitu nishike."

Alikuwa anaujua ugonjwa wake. Kwa wengi mtetemo wa Parkinson huzidi mkono ukiwa umepumzika, na hupungua mtu anapokusudia kufanya jambo. Kwa hiyo lile ombi ambalo wachoraji wa sura tumewapa watu karne na karne, la kukaa bila kujongea, kwake lilikuwa ndilo zito kuliko yote.

Nikampa kipande cha kanvasi kilichobaki kwenye kukata, nyuzi zimechomoza pembeni. Akakigeuza upande huu na ule, akaguna kwa ubovu wa mkato wangu, akatoa sindano na uzi mfukoni mwa shati. Kuutunga ule uzi kulichukua muda. Alileta sindano karibu na macho, mkono ukaruka, akasubiri. Ukaruka tena. Sikuinuka, aliponitazama nilielewa kwamba nikiinuka tutakosana. Mwishowe akaegemeza viwiko magotini, akavigandamiza viganja viwili kwa upande wa chini, sindano huku, uzi kule.

"Ikitikisika pamoja haikosani," akasema, na uzi ukapita.

Nadhani ni hapo nilipoishusha kanvasi ya kijani na kuigeuzia ukutani. Nikapandisha nyingine, iliyokuwa na kijivu cha kati peke yake. Zile rangi za ngozi nilizokuwa nimezihangaikia asubuhi nikazikwangua kwa kisu. Nikaminya nne tu: nyeupe, oka, yaani njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Ni paleti inayojulikana kwa jina la Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920. Yeye nyekundu yake ilikuwa vermilioni, ambayo ina zebaki. Mimi naweka nyekundu ya kadimiamu, ambayo nayo si ya kulamba. Watu huishangaa paleti hii kwa kukosa buluu na kijani, lakini vyote vimo. Nyeusi ukiitia oka inatoa kijani kilichokolea. Nyeusi na nyeupe zikichanganywa zinatoa kijivu, na kijivu hicho kikikaa jirani na rangi yenye joto, kama nyekundu au njano, jicho linakisoma buluu, na ngozi nyeusi inaihitaji sana buluu hiyo pale mwanga wa dirisha unapogonga kipaji na mgongo wa pua. Ila siku ile niliichagua kwa sababu ya uchache wake. Ukiwa na rangi nne huna pa kupotezea muda.

Nikaanza na mikono, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Ni kazi isiyosamehe: brashi ikikandamizwa kidogo tu inachota kilicho chini, na mwanga uliokusudia kuuweka unageuka tope. Unaijaza brashi, unalaza rangi mara moja, unaondoka. Nilichukua brashi pana ya nywele ngumu, ambayo zamani nilikuwa naitumia kupakia ukuta wa nyuma, nikaweka kivuli chini ya kiganja, kisha mgongo wa mkono. Kufika kidole gumba, kilikuwa kimeshahama. Nikapaka ukingo wake mpya kando ya ule wa kwanza. Kikahama tena. Badala ya kufuta nikauburuta ule ukingo wa zamani kwa brashi kavu mpaka ukazama kwenye rangi ya suruali, na nikaendelea hivyo hivyo kwa kila kidole, napaka, naburuta, mpaka mkono mzima ukawa hauna mpaka, na bado ukawa mkono. Ungeweza kuona unashika.

Uzi ulikuwa jambo jingine. Kila alipouvuta, ulikazika kati ya sindano na kitambaa, na kwa kitambo kidogo ulinyooka kabisa. Vidole vinatikisika, uzi umenyooka. Nilimtazama akiuvuta mara kadhaa bila kupaka chochote, nikisubiri kuujua mwelekeo wake. Kisha nikachota nyeupe nene kwenye ukingo wa kisu, nikaugandamiza juu ya zile rangi mbichi kwa pigo moja. Katika picha ile nzima, hicho ndicho kitu pekee chenye makali.

Uso nilikuja kuufanya mwishoni, mwanga umeanza kuhama dirishani, na niliufanya haraka. Shavu lililolegea ni bapa moja la kahawia. Jicho la kushoto limo kivulini bila weupe wowote. Mdomo ulikuwa umejibana. Alikuwa na pini, bila shaka, sijui aliitoa wapi.

Alipomaliza pindo akakata uzi kwa meno, akainuka, akaja nyuma yangu. Aliitazama picha kama fundi anavyomzunguka mteja aliyejaribishwa koti. Mikono hakuisema. Uso hakuusema.

"Bega," akasema.

"Lina nini, mjomba?"

"La kushoto langu liko chini. Tangu ujana. Makoti yangu yote nimeyawekea pedi upande huo, hakuna mtu anayejua. Wewe umeliacha lilivyo."

Nikamuuliza kama anataka nilipandishe, rangi bado mbichi, ni suala la dakika.

"Liache. Leo sikuja na koti."

Tangu siku hiyo mfululizo ulibadilika, na wanaozitazama zile picha zikiwa zimepangwa ukutani huuliza kama zimechorwa na watu wawili. Wengine hunipongeza kwamba nimepata uhuru. Neno hilo linaniudhi kidogo. Brashi haikulegea kwa sababu nilijifungua kutoka popote; aliyekaa mbele yangu alikuwa na mwili uliohitaji kuchorwa kwa namna ile, na angekuwa na mwili mwingine ningechora vingine. Tabaka sijaziacha. Akija mtu anayeweza kukaa, na uso wake una ule utulivu wa kina, kijani cha udongo kinatoka kwenye kabati. Wanaosema ufundi wa tabaka umekufa mara nyingi ni wale wasiopenda kusubiri rangi ikauke.

Nimeitazama sana pia kazi ya Ferdinand Hodler, mchoraji wa Uswisi, ambaye alimchora mwenzi wake Valentine Godé-Darel wakati anaugua saratani mpaka alipofariki Januari 1915. Ukizipanga picha hizo kwa tarehe unaona mwili unavyoshuka kidogo kidogo, mstari uliosimama unageuka mstari uliolala. Ni kazi kubwa, na iliwahi kunitisha nikafikiria kuusimamisha mfululizo wa mjomba. Picha za wagonjwa zina hatari yake: huomba huruma hata pale mwenyewe hakuiomba. Kilichonipa ujasiri ni kwamba mimi nilikuwa na mtu anayeshona. Ugonjwa ulikuwemo, lakini yeye alikuwa na shughuli.

Ile kanvasi ya kijani sikuimalizia. Tulipoonyesha mfululizo wote niliitundika kwa mpangilio wa tarehe, katikati ya picha laini za mwanzo na zile zenye brashi pana, uso wa kijani bila ngozi. Kuna aliyeniuliza kwa upole kama muda ulinibana. Nilimjibu kwamba ile imekwisha.

Kikao kilichofuata baada ya siku ile ya pindo, mjomba alifika na mfuko mkubwa. Alikaa, akautua miguuni, akatoa suruali ya mtu, akatoa na nyingine, akaanza kufumua kiuno cha ile ya kwanza kabla sijafungua hata kopo la tapentaini.

"Mjomba, na hizo?"

"Wewe chora," akasema, sindano iko mdomoni. "Mimi nina wateja."