Betri mpya, tatizo lile lile

Fuso yangu ya zamani imenitesa wiki mbili. Kila alfajiri starta inagonga "tak", kimya, tunaita vijana wasukume. Nikaambiwa betri zimekufa. Nikanunua mbili mpya za volti 12, na siku ya nne mambo yakawa yale yale. Iliniuma sana.

Jana nikashika mita mwenyewe, injini ikiunguruma. Kwenye altaneta, inayochaji betri: volti 28.1. Kwenye betri zote mbili kwa pamoja, zilivyoungwa mfululizo: 25.2. Hizo karibu 3 zinapotelea wapi? Nikaufuata waya wa ethi, njia ya umeme kurudi, kutoka injini hadi chesisi. Chini ya nati kumejaa unga wa kijani, nyuzi nyingi zimeshakatika. Nikapiga msasa hadi chuma king'ae, nikafunga waya mpya, nikapima betri tena: 27.9! Leo alfajiri imewaka kwa ufunguo.